Gari Namba 14



Ndugu wasomaji, wengi wenu mliotutembelea siku ya wageni mmeiona rafu ya magari ya waya katika chumba chetu cha mapumziko. Magari yapo 11, lakini namba zilizobandikwa zinafika 14. Nafasi tatu ziko wazi, na iliyo kubwa kuliko zote ni ya namba 14. Mmetuuliza mara nyingi gari hilo liko wapi, nasi tumezoea kujibu kwa utani kwamba limekwenda gereji. Leo tunaomba kujibu vizuri, kwa sababu jibu lenyewe linatuhusu sisi mafrateri, na linawahusu pia ninyi wazazi na waamini mnaotupokea majumbani mwenu kila likizo.

Sisi ni mafrateri watatu wa Jimbo la Sumbawanga, umri wetu ni mmoja, miaka 25, na tunasoma falsafa. Wote tumekulia Ufipa, kule juu ambako mwezi wa sita upepo unapiga mpaka mtu anakwenda Misa ya asubuhi na blanketi. Habari hii ilianza katika mwezi huo, likizo ya mwaka juzi, baba paroko mmoja alipotupa kazi ya kusafisha stoo ya parokia.

Nyuma ya vinara vya zamani na fremu ya baiskeli tulikuta boksi lenye picha ya magari mawili ya mashindano. Ndani kulikuwa na vipande vya njia ya plastiki nyeusi, magari matatu madogo ya kutosha kiganjani, vishikio viwili vya kuendeshea na transfoma. Hakuna aliyejua nani alilileta. Mgeni mmoja kutoka Ulaya aliyekuwa parokiani siku zile ndiye aliyelitambua. Alifurahi kama mtoto, akatueleza kwamba kwao watu wazima wanatafuta seti za namna hiyo, wanazinunua, wanazitunza katika makabati. Zile zisizo za kawaida, zilizobaki na boksi lake na karatasi yake ya maelezo, ndizo zinazotafutwa zaidi.

Alitufundisha pia tofauti yake. Tangu mwaka 1957 Waingereza wana magari ya kuchezea yaitwayo Scalextric. Njia yake ina mfereji mwembamba, na chini ya gari kuna ulimi mdogo unaoingia ndani ya mfereji huo. Mchezaji kazi yake ni kuongeza na kupunguza mwendo tu. Pa kwenda pameshaamuliwa. Baadaye, miaka ya mwisho ya 1970, kampuni ya Ideal ya Marekani ikatoa seti za TCR, kifupi cha Total Control Racing, ambazo njia yake haina mfereji. Kampuni za Aurora na Lionel nazo zikatoa za kwao. Katika TCR mchezaji akibonyeza swichi, umeme unageuza mwelekeo, mota inazunguka upande wa pili, na nguvu inahama kutoka gurudumu moja la nyuma kwenda jingine. Gurudumu la kulia likisukuma, gari linakwenda kushoto mpaka liegemee ukuta wa njia. La kushoto likisukuma, linahamia kulia. Kwa hiyo gari moja linaweza kulipita jingine. Lile gari la tatu halina dereva. Linakwenda lenyewe polepole, kazi yake ni kuwazuia wenzake njiani. Seti hizi hazikudumu madukani kama zile zenye mfereji, na ndiyo sababu leo zinasakwa.

Tuliunganisha vipande, tukachomeka transfoma ukutani. Gari jekundu lilikwenda nusu mzunguko, tukasikia harufu ya kuungua, mchezo ukaishia hapo. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walicheka sana. Mmoja akauliza, "Frateri, hili likitoka hapa linakwenda wapi?" Tukamwambia haliwezi kutoka, linazunguka humo humo. Akalitazama kwa huruma. Nje, kwenye ukuta wa stoo, alikuwa ameegesha gari lake la waya ambalo asubuhi ile alikuwa amelisukuma kutoka kwao mpaka parokiani, na jioni angelirudisha kwa njia ya mtoni.

Hapo ndipo wazo lilipotujia. Ikiwa wenzetu wanakusanya na kutunza magari ya watoto wao, nani anakusanya ya kwetu? Sisi wenyewe tuliyatengeneza tukiwa wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyebaki nalo. Tukaamua kuyakusanya vigangoni, hasa yaliyo ya zamani na yasiyo ya kawaida.

Kwa wasomaji ambao hamjalelewa vijijini, gari la waya linatengenezwa hivi. Mtoto anaanza na mabua ya mahindi, kwa sababu Ufipa mabua hayana bei. Akishakua kidogo anahamia kwenye waya: ule wa kufungia nondo, au waya wa uzio ulioachwa. Anakunja fremu kwa mkono na kwa jiwe. Magurudumu yanakatwa kwenye ndala zilizochakaa, au ni vizibo vya soda, au ni mifuniko ya makopo ya rangi ya viatu. Viungo vinafungwa kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli. Kisha kinakuja kitu ambacho seti ya stoo haikuwa nacho: fimbo ndefu yenye usukani wa duara juu yake, inayoshuka mpaka kwenye ekseli ya mbele. Mtoto anatembea nyuma, anakata kona, anapishana na mwenzake, anapiga honi kwa mdomo. Hakuna mfereji wala ukuta. Njia ni ile ile ya ng'ombe na pikipiki.

Tulipata magari mengi mazuri. Tulipata Land Cruiser ya paroko, ikiwa na tairi la akiba mgongoni. Tulipata basi lenye viti vya waya ndani, viti ambavyo hakuna mtu angeviona mpaka alale chini. Gari la zamani kuliko yote tulipewa na baba mmoja mtu mzima aliyelitoa darini: Fuso la bati la mafuta ya kupikia, alilolitengeneza akiwa darasa la tano, kabla sisi hatujazaliwa. Alilipangusa vumbi kwa shati lake kabla ya kutukabidhi.

Tulijivuna pia kwamba kazi hii ina ukoo. Wafipa ni watu wa chuma. Zamani wahunzi wa Ufipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyofika karibu mita tatu. Upepo uliingia wenyewe kwa mabomba ya udongo yaliyopangwa chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilichomwa tena katika tanuru dogo, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe. Majembe yaliyokuja kwa meli kutoka nje yaliwanyima wahunzi soko, lakini malungu kadhaa bado yamesimama. Tuliwaambia watoto kwamba mikono yao imerithi kazi ya wale wahunzi, na tuliamini tulichosema.

Sasa tufike kwenye namba 14.

Ilikuwa kigango kimoja upande wa Mpui, baada ya Ibada ya Neno tuliyokuwa tumeiongoza. Tulikuwa bado na kanzu. Mtoto wa miaka 11 hivi alipita na semi ya waya, kichwa na trela, magurudumu 14, ndefu kuliko yeye mwenyewe. Chini ya trela kulikuwa na springi za kweli, zilizokatwa kwenye mikanda ya bati inayofungia mizigo. Ukiweka mahindi juu, zinashuka, ukiyatoa, zinapanda. Kichwa kiliunganishwa na trela kwa msumari mmoja, kikakata kona bila kuburuza. Hatukuwa tumeona kitu kama kile.

Tulimfuata mpaka kwao, tukamsalimia bibi yake, tukaeleza nia yetu. Mtoto alisimama kimya na fimbo mkononi. Bibi akamwambia, "Mpe frateri, mjukuu wangu. Baraka hiyo." Mtoto akatupa. Sisi tukampa madaftari matatu na kalamu, tukamshika kichwa, tukasema ahsante sana. Akaitikia, "Karibuni, frateri," kama alivyofundishwa. Katekista aliyetusindikiza hakusema neno njia nzima. Tulidhani amechoka.

Tuliporudi seminarini tulilirekebisha gari. Ekseli ya mbele ilikuwa imepinda, tukainyoosha. Tulipaka trela rangi ya fedha. Likaonekana jipya, nasi tukaliweka katikati ya rafu.

Wiki chache baadaye tulitaka kuandika kadi ya maelezo, tukampigia katekista kuuliza jina la aliyelitengeneza. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Frateri, nisiwafiche. Lile hakulitengeneza yeye. Ni la kaka yake, aliyekwenda Tunduma kuwa utingo. Alilitengeneza wiki mbili kabla ya kuondoka, akamwambia mdogo wake alitunze mpaka arudi. Hajarudi. Na mtoto tangu siku ile haji kwenye mafundisho."

Tukamwuliza mbona hakutuambia siku ile ile. Akajibu kwa upole, "Frateri akiomba, nani atakataa?"

Muhula ule tulikuwa tunasoma maadili. Aristotle, katika kitabu cha 3 cha Maadili ya Nikomako, anauliza ni tendo gani tunaloweza kuliita la hiari. Anatoa mfano wa nahodha ambaye meli yake imekumbwa na dhoruba, naye anatupa mizigo baharini. Je, anaitupa kwa hiari? Mikono inayotupa ni yake, na anajua anachofanya. Lakini hakuna mwenye akili timamu anayetupa mali yake baharini bila dhoruba. Aristotle anayaita matendo ya namna hiyo mchanganyiko. Mtihani ulipokuja tulijibu swali hilo vizuri, wote watatu tukapata alama za juu. Tukiwa tunatoka chumba cha mtihani mmoja wetu akasema, "Sisi ndio tuliokuwa dhoruba." Hakuna aliyecheka.

Ndugu wasomaji, tulijaribu kujitetea. Tulisema hatukuiba, tuliomba. Tulisema tulilipa. Tulisema lengo lilikuwa jema, kwamba kule kijijini lingeoza na huku lingetunzwa. Tulisema hata Mtakatifu Thomas wa Akwino anatetea michezo na burudani, kwamba roho inahitaji kupumzika kama mwili unavyohitaji. Yote hayo yana ukweli, lakini hayakutosha kumjibu katekista. Tulikuwa tumemwendea mtoto tukiwa watu wazima watatu, tumevaa kanzu, tumetoka kuongoza ibada, mbele ya bibi yake. Tulikuwa tumemchimbia mfereji, tukauita hiari kwa sababu mwisho wa njia alifika pale tulipotaka.

Likizo iliyofuata tulilifunga gari kwenye gunia, tukaenda nalo mpaka upande wa Mpui. Bibi alitupokea vizuri, akatupa ugali, lakini mtoto hakuwepo. Alikuwa ameshuka bondeni kwa baba yake mdogo, upande wa Muze, kusaidia kazi ya mpunga. Bibi akasema, "Liacheni hapa, atalikuta." Lingekuwa jambo rahisi. Tulitazamana, tukamwambia, "Hapana bibi, tulimchukulia mkononi, tumrudishie mkononi."

Mnaoijua njia ya kushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mnafahamu safari hiyo. Tulipanda juu ya magunia kwenye lori, semi ya waya tumeipakata kama mtoto mchanga. Juu kulikuwa na baridi, tuna makoti. Chini tulifika tunatokwa jasho, Ziwa Rukwa likiwaka kwa mbali. Utingo wa lori lile alikuwa kijana wa rika letu. Aliikagua semi, akabonyeza springi kwa kidole, akasema aliyeitengeneza anaijua kazi. Tulitamani awe ndiye kaka mwenyewe, lakini hakuwa yeye.

Tulimkuta mtoto shambani. Alikuwa amerefuka. "Shikamooni, frateri." "Marahaba, mdogo wetu." Tukafungua gunia. Tukamwambia tumekuja kumrudishia gari la kaka yake, na kwamba tunamwomba radhi, kwa sababu tulimwomba kitu kwa namna ambayo hakuweza kukataa.

Hakujibu. Alichuchumaa, akaligeuza, akatazama magurudumu, akatazama ekseli ya mbele. Kisha akaishika kwa mikono miwili na kuipinda tena, pale pale tulipokuwa tumeinyoosha. Tukamwuliza kwa nini anaiharibu.

"Fimbo inashikwa kulia," alisema. "Kwa hiyo linavutwa kulia. Kaka aliipinda ili lirudi kati."

Akalisukuma kwenye tuta la jaruba. Likaenda moja kwa moja.

Baada ya hapo akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea. "Frateri, yale madaftari niyarudishe? Mawili nimeshayaandika."

Tulimwambia madaftari ni yake, hayana deni. Tulikaa naye mpaka jua lilipopungua. Alituambia kaka yake alipiga simu wakati wa Pasaka, na kwamba kwa sasa anapita Zambia. Kabla ya kuondoka, mmoja wetu alikumbuka rafu yetu na nafasi iliyo wazi. Akamwuliza, taratibu, kama siku moja angekubali tuliazime gari lile kwa maonyesho ya wiki moja, na kwamba anaweza kukataa, hatutakasirika.

Mtoto alifikiri. Akasema, "Hapana, frateri."

Tulifurahi, ndugu wasomaji. Tangu tuanze kukusanya magari hakuna mtoto aliyekuwa ametuambia hapana, nasi tulikuwa tumeihesabu hali hiyo kuwa ukarimu wa Wafipa. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa wengine. Lakini tungejuaje?

Likizo ile ile tuliwarudia waliobaki, wote 13. Tulikwenda bila kanzu, tukauliza upya, tukaondoka bila kungoja jibu, tukamwachia katekista wa kila kigango kazi ya kutuletea. Kumi na mmoja walisema tubaki nayo. Yule baba wa Fuso la bati alituma salamu kwamba lisirudi darini tena, libaki mahali watu wanapoliona. Watoto wawili walitaka magari yao, wakayapata. Ndiyo sababu rafu ina nafasi tatu, na hatutazijaza.

Tumelisimulia jambo hili kwa sababu siku moja, Mungu akipenda, tutakuwa mapadre. Tutaomba mengi: michango ya kanisa, siku za kazi za waamini, kuku wa mama mjane. Watatupa. Ufipa hawamnyimi padre. Hapo ndipo tutakapohitaji kumkumbuka katekista aliyenyamaza njia nzima. Kwa mafrateri wenzetu tunasema: kabla hujafurahia ulichopewa, jiulize kama aliyekupa alikuwa na njia nyingine. Kwa wazazi na mabibi zetu tunaomba: mtoto akisita kutupa kitu chake, msimharakishe. Mwacheni aseme. Tutazoea.

Lile boksi la stoo bado lipo parokiani, na transfoma yake haijapata fundi. Mgeni wetu alituandikia kwamba kule kwao linaweza kupata mnunuzi. Baba paroko ameamua likae, kwa kuwa aliyelileta huenda ana ndugu atakayeliulizia.

Tuombeane.